Jeni, Chakula na Unene wa Kupita Kiasi

Si jambo geni kuona ndugu wawili wa tumbo moja, waliokula chungu kimoja tangu utotoni, mmoja akawa mnene na mwingine mwembamba. Watu wengi humwita yule mnene mlafi, na neno likaishia hapo. Sayansi imeonyesha kwamba jambo hilo si jepesi kiasi hicho.

Jeni ni sehemu za urithi zilizomo ndani ya seli. Nyingi kati yake huuelekeza mwili namna ya kutengeneza protini. Jeni ikiwa na kasoro, protini yake huweza kukosekana au kutofanya kazi ipasavyo.

Panya wa Bar Harbor

Mwaka 1949, katika Maabara ya Jackson iliyoko Bar Harbor, Marekani, walionekana panya waliokula bila kushiba, hata uzito wao ukaweza kufikia mara tatu ya ule wa panya wa kawaida. Unene huo ulirithiwa. Baadaye mtaalamu Douglas Coleman aliunganisha mkondo wa damu wa panya mnene na ule wa panya wa kawaida. Panya mnene akapunguza kula, akakonda. Ilidhihirika kwamba damu ya panya wa kawaida ilichukua kitu ambacho mwenziwe alikikosa.

Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, huko New York, waliitambua jeni yenyewe. Jeni hiyo huongoza utengenezaji wa homoni iitwayo leptini. Homoni hiyo hutoka katika seli za mafuta, husafiri katika damu hadi kwenye ubongo, na kuuarifu kwamba akiba ya mwili inatosha. Watoto wachache sana huzaliwa bila leptini. Wakidungwa homoni hiyo, njaa yao hupungua na uzito hushuka. Lakini wanene walio wengi wana leptini tele. Ubongo wao ndio usioitikia ipasavyo.

Jeni nyingi, kila moja na sehemu yake

Kwa kawaida unene hautokani na jeni moja, bali na nyingi zenye nguvu ndogo ndogo. Mfano ni jeni ya FTO, iliyotambuliwa mwaka 2007 kwa uchunguzi wa watu wa Ulaya. Mtu mzima aliyerithi nakala mbili za aina inayoongeza uzito huwa mzito kwa wastani wa kilo 3 hivi kuliko asiye nazo. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kwa watu wazima wanaoushughulisha mwili, athari hiyo hupungua kwa zaidi ya robo.

Mchochota usioonekana

Mtu akijikata kidole, mahali pale huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Hali hiyo ni mchochota, nayo ni njia ya mwili kujikinga. Unene wa kupita kiasi huleta mchochota mwingine: mdogo, usiouma, wa muda mrefu. Seli za mafuta zikijaa mno, chembe nyeupe za damu hujipenyeza kati yake na kutoa kemikali.

Mojawapo ni protini iitwayo TNF. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na wenzake, huko Boston, walionyesha kwamba protini hiyo huzidi katika mafuta ya wanyama wanene na kuzuia kazi ya insulini. Insulini isipofanya kazi vizuri, sukari hubaki katika damu, na njia ya kisukari hufunguka. Mwaka 1997 wataalamu hao walitumia panya wasio na jeni ya TNF. Walipolishwa mafuta mengi walinenepa, lakini insulini yao ilifanya kazi vizuri kuliko ya panya wanene wenye jeni hiyo. Chakula kilikuwa kile kile. Tofauti ilikuwa jeni.

Lakini jeni peke yake haielezi yote. Kwa taarifa ya Shirika la Afya Duniani, kati ya mwaka 1975 na 2016 unene wa kupita kiasi ulikaribia kuongezeka mara tatu duniani. Jeni za binadamu hazibadiliki upesi hivyo; kilichobadilika ni chakula na namna ya kuishi. Urithi huandaa shamba, na chakula ndicho mvua. Kwa hiyo mnene hastahili kudharauliwa, wala hana sababu ya kukata tamaa.

Maswali

1. Kwa nini panya mnene wa Coleman alikonda?
2. Eleza tofauti kati ya mchochota wa kidonda na ule wa unene.
3. Jadili: "Unene ni wa kurithi, hakuna la kufanya."