Orodha ya Majina ni Amana: Jinsi ya Kuandaa na Kutunza Hifadhidata ya Wakazi

Mkazi wa Kibera au Kawangware huandikishwa mara nyingi kwa mwaka. Huandika jina lake akiomba basari ya mtoto, akienda zahanati, akijiunga na chama, au chakula cha msaada kinapogawiwa baada ya moto ama mafuriko. Zamani majina hayo yalikaa katika daftari moja ndani ya kabati. Siku hizi huingizwa kwenye simu au kompyuta, na kwa muda mfupi yanaweza kufika kwa watu ambao mwenyewe hawajui.

Somo hili ni la pande mbili: anayeandikisha na anayeandikishwa. Linawahusu wanakamati wa wadi, viongozi wa vikundi, vijana wanaotengeneza programu za kompyuta, na kila mkazi anayeulizwa nambari ya kitambulisho chake.

Tuanze na maana ya maneno mawili. Hifadhidata ni taarifa zilizopangwa kwa utaratibu ili ziweze kutafutwa, kusahihishwa na kutumiwa. Data za kibinafsi ni taarifa yoyote inayoweza kumtambulisha mtu: jina, nambari ya simu, picha, alama za vidole, hali ya afya au mahali anapolala.

MAMBO MAWILI YALIYOTOKEA KIBERA

Mwaka 2009, vijana wa Kibera walipita katika vijiji vyao wakiwa na vifaa vya GPS na kuandika yaliyopo: vyoo, mabomba ya maji, zahanati, shule na njia. Huo ulikuwa mradi wa Map Kibera. Kabla yake, sehemu kubwa ya Kibera ilionekana kama nafasi tupu katika ramani ambazo umma ungeweza kuzipata. Taarifa walizokusanya ziliwekwa katika OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama na kuisahihisha.

Jambo la pili lilianza mwaka 2018. Bunge lilibadilisha sheria ili kuunda mfumo wa taifa wa kuwatambua watu, uliojulikana baadaye kama Huduma Namba. Sheria hiyo iliruhusu kukusanywa kwa alama za vidole, na pia chembechembe za DNA na vipimo vya GPS vya mahali mtu anapoishi. Shirika la Nubian Rights Forum, lenye makao yake hapa Kibera, lilikwenda Mahakama Kuu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya (KHRC) pia ziliwasilisha kesi.

Wanubi walikuwa na sababu yao. Familia zao ziliishi Kibera tangu mwanzo wa karne ya 20, mababu wakiwa askari wa jeshi la King's African Rifles. Hata hivyo, kwa miaka mingi vijana wao walilazimika kufika mbele ya kamati za kuhojiwa kabla ya kupewa kitambulisho. Mtu asiye na karatasi angeingiaje katika mfumo mpya? Na kama huduma zote zingetegemea mfumo huo, angeishije akiwa nje yake?

Tarehe 1 Aprili 2019, mahakama iliruhusu uandikishaji uendelee kwa masharti: mtu asilazimishwe, DNA na GPS zisikusanywe, na data zisigawiwe wengine. Tarehe 30 Januari 2020, majaji watatu walitoa hukumu. Walisema kukusanya DNA na vipimo vya GPS vya makazi ya watu kunakiuka Katiba. Walisema pia kwamba mradi ungeweza kuendelea, lakini kwanza kuwe na kanuni kamili za kuulinda.

Angalia kwamba kifaa kilikuwa kile kile, yaani GPS. Kuonyesha bomba la maji lilipo kunamsaidia kila mtu. Kuonyesha mahali fulani anapolala kunaweza kumhatarisha. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama teknolojia ipo, uliza taarifa hii inamhusu nani, ni ya kazi gani, na ikiangukia mikono mibaya nani ataumia. Taarifa za mahali pa umma ziwe wazi kwa wote. Taarifa za mtu zifungwe, ila yeye mwenyewe awe na njia ya kuziona na kuzisahihisha.

ULINZI KWANZA, UANDIKISHAJI BAADAYE

Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Novemba 2019, baada ya mamilioni ya watu kuwa tayari wameandikishwa. Kifungu cha 31 kinataka anayeanzisha kazi inayoweza kuhatarisha haki za watu afanye kwanza tathmini ya athari: aandike kazi ni ipi, hatari ni zipi na atazizuiaje. Mwezi Oktoba 2021, Mahakama Kuu iliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma haukuwa halali kwa sababu tathmini hiyo haikufanywa.

Somo hapa ni la mpangilio wa kazi. Mradi ulioruka hatua ya kwanza hulazimika kurudi nyuma ukiwa tayari umetumia fedha na muda wa watu. Kikundi kidogo hakihitaji ripoti nene. Ukurasa mmoja unatosha kuanzia, ukijibu maswali haya:

1. Tunakusanya taarifa hizi kwa kazi gani?
2. Ni zipi tusizozihitaji? Tuziondoe kwenye fomu.
3. Nani ataziona, na nani hataziona?
4. Zikivuja au zikikosewa, nani ataumia na kwa namna gani?
5. Tutazifuta lini?

Swali la kwanza lina uzito kuliko yote, kwa kuwa data iliyotolewa kwa kazi moja ikitumiwa kwa nyingine huweza kuleta madhara makubwa. Katika kaunti za kaskazini mashariki, hasa Garissa, wako Wakenya ambao wakati wa ukame walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula, na alama zao za vidole zikachukuliwa. Baadhi yao walikuwa watoto. Walipofika umri wa kuomba kitambulisho, mfumo uliwaonyesha kuwa ni wakimbizi, na maombi yao yakakwama kwa miaka. Kompyuta haikukosea kulinganisha vidole. Kilichokosekana ni njia ya binadamu kusikiliza maelezo na kurekebisha rekodi.

KUJENGA HIFADHIDATA: MFANO WA KAMATI YA BASARI

Tuchukue mfano wa kamati inayoandaa orodha ya wanafunzi wanaoomba basari. Kosa moja katika orodha hiyo linaweza kumfanya mtoto arudishwe nyumbani kwa kukosa karo. Kanuni zifuatazo zitasaidia.

Mpe kila mwombaji nambari yake ya kipekee. Usitumie nambari ya simu kuwa utambulisho wake. Laini hupotea, na mara nyingi simu moja hutumiwa na familia nzima. Usitumie kitambulisho cha mzazi pia, kwa sababu mzazi mmoja anaweza kuwa na watoto watatu, na mlezi mwingine hana kitambulisho kabisa.

Andika kila jambo mahali pamoja tu. Jina la shule likiandikwa upya kwa kila mwanafunzi, litatokea kwa namna tano tofauti na hesabu haitalingana. Kuwe na orodha moja ya shule, kisha kila mwanafunzi aunganishwe na shule yake.

Jihadhari na majina yanayofanana. Mohamed na Muhammad huenda ni mtu mmoja, na Mary Wanjiku wawili huenda ni watu wawili. Kompyuta ionyeshe rekodi zinazofanana, lakini asifutwe mtu kabla hajaulizwa.

Tenga "hapana" na "haijulikani". Nafasi iliyoachwa wazi haimaanishi kwamba mtoto hana mlezi. Huenda karani alisahau kuuliza.

Andika chanzo na tarehe. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, lakini sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070. Idadi isiyoonyesha nani alihesabu, lini na mipaka gani huzua ubishi badala ya kusaidia mipango.

Gawa ruhusa kulingana na kazi. Karani anayeingiza majina hahitaji kuona maelezo ya afya ya mzazi. Kila mtumiaji awe na neno lake la siri, na mfumo uweke kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na saa ngapi. Watu watano wakitumia neno moja la siri, jina likitoweka hakuna atakayejulikana kulifuta.

Weka nakala rudufu, kisha ijaribu. Nakala moja ikae mbali na ofisi, maana moto au wizi ukitokea huchukua kompyuta pamoja na diski iliyo kando yake. Mara moja kila muhula, jaribu kuirejesha. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa usiitegemee.

Usifanyie majaribio majina ya watu halisi. Fundi anayejaribu programu atumie majina ya kubuni.

Tangazeni kwa uangalifu. Wakazi wana haki ya kujua fedha za umma zimekwenda wapi. Lakini kubandika ukutani majina pamoja na nambari za vitambulisho na simu ni kuwapa matapeli kazi rahisi. Bandikeni nambari ya ombi, shule na kiasi kilichotolewa. Mwombaji ataitambua nambari yake, na umma utaweza kukagua hesabu.

KUSIMAMIA MRADI KWA UADILIFU

Hifadhidata nyingi huharibika kwa sababu ya makubaliano mabaya kabla hazijaharibika kwa sababu ya kompyuta. Kamati inayomwajiri fundi au kampuni ihakikishe mkataba umeandikwa, na unasema waziwazi kwamba data ni za wakazi chini ya usimamizi wa kamati. Fundi asibaki na nakala akimaliza kazi. Akiondoka, akabidhi maneno ya siri na maelezo ya jinsi mfumo unavyofanya kazi, na maneno hayo yabadilishwe siku hiyo hiyo.

Mwanakamati mwenye undugu au biashara na mwombaji wa zabuni aseme mapema, kisha akae kando uamuzi unapofanywa. Anayesimamia kazi atoe ripoti ya kweli hata kama kazi imechelewa. Kuonyesha mfumo "uliokamilika" huku nusu ya majina hayajaingizwa ni kuwadanganya wanaosubiri huduma.

Msiwalipe waandikishaji kwa hesabu ya majina peke yake, kwani mwandikishaji anayelipwa kwa kila jina atashawishika kubuni majina. Chagueni rekodi chache bila mpangilio maalumu, mzifuatilie hadi nyumbani kwa wenyewe, mwone kama ni sahihi.

Mwisho, msimwache nje asiye na simu ya kisasa. Mzee wa Makina na mama mboga wa Gatina wawe na njia ya karatasi yenye uzito sawa na ile ya mtandaoni.

HAKI YAKO UNAPOANDIKISHWA

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya taarifa za kweli kukuhusu: zikiwa za uongo au za kupotosha, zisahihishwe au zifutwe. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data una haki ya kuelezwa data zako zitatumiwaje, kuziona, na kupinga matumizi yake.

Data za mtoto huhitaji idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja ya Uthiru, jirani na Kawangware, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Data zikivuja na kuna hatari ya kweli kwa wahusika, anayezitunza hupaswa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72. Wahusika wenyewe pia wajulishwe. Kuficha ili kulinda sifa ya ofisi ni kuongeza madhara, maana mkazi asiyejua hawezi kujikinga.

Ukiona data zako zimetumiwa vibaya, anza kwa kuiandikia ofisi au kikundi husika na ubaki na nakala ya barua. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

ZOEZI LA KIKUNDI

Katika mkutano ujao wa chama au kamati yenu, chukueni orodha moja mnayoitunza na mjadili:

1. Ni nguzo gani katika orodha hii ambayo hatujawahi kuitumia? Tuna sababu gani ya kuendelea nayo?
2. Ni watu wangapi wana nakala yake katika simu zao, na wangapi kati yao bado ni wanakamati?
3. Mwanachama akisema jina lake limekosewa, atamwendea nani, na atajibiwa baada ya siku ngapi?
4. Simu ya katibu ikiibwa leo, tutapoteza nini, na mwizi atapata nini?

Andikeni majibu kwa ukurasa mmoja, mkubaliane nani atarekebisha nini, na muweke tarehe ya kukagua tena.