Mbio za Ngamia za Maralal: Mwongozo kwa Msafiri Atokaye Mikelenge

Maniema, mkoa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni nchi ya misitu yenye mbung'o, yaani inzi aenezaye malale kwa watu na nagana kwa mifugo, na ndiyo maana mkazi wa Mikelenge, mjini Kindu, hana mbio za farasi wala za ngamia karibu na kwao, hata kama amepata kusikia habari za Naadam, sikukuu ya Wamongolia ambamo kila Julai farasi hushindana nyikani kwa masafa marefu. Sherehe iliyo karibu zaidi na hiyo katika Afrika Mashariki iko Maralal, makao makuu ya Kaunti ya Samburu, Kenya, ambako mashindano ya ngamia yalianza mwaka 1990, na mbio zake kuu, zilizotengwa kwa wapandaji waliobobea, ni za kilomita 42.

Mashindano huangukia kwa kawaida kati ya Agosti na Septemba, ila tarehe hubadilika, hivyo msafiri aihakikishe kabla ya kukata tiketi. Raia wa Kongo hahitaji viza ya Kenya tangu mwaka 2023, lakini kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Kutoka Nairobi barabara hupitia Nyahururu na Rumuruti, na kwa kuwa Maralal inakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kindu haizidi sana mita 500, sweta nzito ni ya lazima usiku.

Mgeni anaweza kushiriki mbio fupi kwa kukodi ngamia pamoja na mchungaji wake. Ngamia huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, hivyo asiyeegemea nyuma hurushwa shingoni. Tena akitembea huinua miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, na mpandaji huyumba kama aliye mtumbwini mto Lualaba ukichafuka.

Wasamburu kwa asili ni wafugaji wa ng'ombe, lakini ukame wa mara kwa mara umewaelekeza wengi kwa ngamia, ambaye huendelea kutoa maziwa ng'ombe anapokauka. Mgeni anayelielewa hilo ataziheshimu mbio hizi kuliko anayezitazama kama mchezo tu. Wamorani, yaani vijana wa rika la wapiganaji, waombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha. Mwenye nafasi aitembelee pia nyumba alimozuiliwa Jomo Kenyatta mwaka 1961, ambayo imehifadhiwa mjini humo.