Kwa Nini Mnyororo Mpya wa Baiskeli Huruka Meno

Mwenye baiskeli ambaye mnyororo wake huruka mara moja moja hununua mnyororo mpya, aufunge, apakie mzigo na kuondoka. Kufika mwinuko wa kwanza mnyororo mpya unaruka kila anapokandamiza pedali, tena kuliko ule wa zamani. Lawama humwangukia mwenye duka, au nchi ulikotengenezwa mnyororo. Mara nyingi mnyororo hauna kosa lo lote. Katika makala haya tutaeleza kinachotokea baina ya mnyororo na meno ya gia, ili mtu ajue anunue nini kabla ya kutoa fedha zake.

Tuchukue mfano wa Horohoro, mji mdogo wa mpakani katika Wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga. Barabara ya kilomita 65 itokayo Tanga mjini iliwekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2010, na malori yaendayo Lunga Lunga, upande wa Kenya, hupita humo kwa kasi. Pikipiki zimechukua abiria, lakini baiskeli ingali ikibeba mkaa, maji, nazi na samaki. (Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani, huko Busia baina ya Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, na baiskeli ndizo zilizoitwa hivyo kwanza.) Mnyororo unaporuka chini ya mzigo, mguu hukosa ghafla kitu cha kuukinza, na mwendeshaji huyumba pamoja na gunia lake kuelekea katikati ya barabara. Si jambo la kupuuzwa.

Mnyororo wa namna tunayoitumia ulivumbuliwa na Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Kila kiungo kina mabamba mawili, pini inayopita katika bushi, na rola inayozunguka juu ya bushi hiyo. Umbali kutoka pini moja hadi ya pili huitwa hatua, nao ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Meno ya gia hukatwa kwa hatua hiyo hiyo.

Watu husema mnyororo “umevutika”. Sivyo. Mabamba ya chuma hayavutiki kama mpira. Kinacholika ni pini na bushi, mahali zinaposuguana kila kiungo kinapojikunja juu ya gia. Pini ikilika kidogo tu, hatua huongezeka. Tuseme kila hatua imeongezeka kwa milimita 0.127, ambayo ni karibu na unene wa karatasi. Mnyororo wa viungo 112 utakuwa umerefuka kwa milimita 14, na huo ni ulegevu unaoonekana kwa macho.

Sasa twende kwenye meno. Mnyororo uliorefuka haukai tena chini kabisa katika bonde la jino, bali rola zake hupanda juu kidogo na kusukuma jino karibu na ncha. Baada ya miezi jino hulika upande mmoja na kupinda kama kulabu. Lakini ajabu ni kwamba mnyororo huo mkuukuu na meno hayo yaliyolika huendelea kupatana, kwa kuwa vimelikana pamoja. Ukileta mnyororo mpya wenye hatua sahihi ya milimita 12.7, rola zake haziingii vizuri katika mabonde yaliyokwisha kupanuka. Badala ya mzigo kugawanywa baina ya meno mengi, jino moja au mawili hubeba wote. Rola hupanda mgongo wa kulabu, na mnyororo huruka.

Mzigo huo ni mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mtu wa kilo 60 akisimama juu ya pedali moja hukandamiza kwa kani ya nyutoni 600 hivi. Mkono wa pedali una urefu wa milimita 170. Gia ya mbele yenye meno 46 ina mzingo wa 46 × 12.7, yaani milimita 584, na nusu kipenyo chake ni milimita 93. Kwa kanuni ya momenti, kani katika mnyororo ni 600 × 170 ÷ 93, takriban nyutoni 1,100. Ni sawa na kuning’iniza kilo 110 kwenye meno machache ya gia ya nyuma. Gia hiyo, ambayo mafundi huiita friwili, ndiyo huharibika kwanza, kwani ikiwa na meno 18 huzunguka zaidi ya mara mbili na nusu kila pedali zinapozunguka mara moja.

Kipimo ni rahisi, na rula ya shule yatosha. Kaza mnyororo, weka sifuri ya rula katikati ya pini moja, kisha hesabu viungo 20. Katika mnyororo mpya pini ya mwisho huangukia milimita 254. Ikiwa imevuka 255 lakini haijafika 256.5, badili mnyororo peke yake, nawe utakuwa umeiokoa friwili. Ikiwa imepita 256.5, ongezeko limezidi asilimia moja. Nunua mnyororo na friwili kwa pamoja. Na mtu asiyeweza kununua vyote viwili, ikiwa vya zamani bado haviruki, afadhali aendelee navyo huku akiweka akiba kuliko kununua mnyororo pekee. Baadhi ya mafundi hukata viungo viwili ili kuondoa ulegevu. Hilo hukaza mnyororo, lakini hatua iliyoharibika hubaki vile vile.

Hata hivyo si kila mruko hutokana na kulika. Hapa sikio husaidia kuliko macho. Kiungo kimoja kilichoshika kutu kisijikunje hurusha mnyororo kila kinapopita kwenye friwili. Kwa viungo 112 na gia ya meno 46 hiyo ni mara moja katika kila mizunguko 2.4 ya pedali. Mruko ukija mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, kagua gia ya mbele, kwani huenda jino limepinda. Ikiwa pedali huteleza na mnyororo umetulia kwenye meno, ubaya umo ndani ya friwili, ambamo kuna ndimi ndogo zinazosukumwa na springi. Grisi ikiganda na mchanga, ndimi hazishiki.

Dukani nenda na vifaa vya zamani mkononi. Baiskeli ya gia moja hutumia mnyororo wenye upana wa ndani wa moja ya nane ya inchi. Baiskeli za mitumba zenye gia nyingi hutumia mwembamba zaidi, ambao haukai juu ya meno manene. Na kwa mbeba mizigo ningeshauri friwili ya meno 20 badala ya 18. Kwa mwendo ule ule mlimani, kani ya mnyororo hupungua kwa sehemu moja ya kumi. Hasara ni kwamba kila mzunguko wa pedali utampeleka mita 5.1 badala ya 5.7.

Pwani ina maadui wawili wa ziada. Maji ya chumvi yanayodondoka kutoka kapu la samaki huharakisha kutu. Mchanga nao, ambao kwa kiasi kikubwa ni kwatzi, una ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, hali chuma cha kawaida hakizidi 5. Mchanga ukichanganyika na oili chafu ya gari huwa msasa wa majimaji, na desturi ya kuimwaga oili hiyo juu ya mnyororo wenye vumbi sioni faida yake. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, tia tone la oili safi kwenye kila rola, kisha futa nje kwa kitambaa. Mafuta yanatakiwa ndani, penye pini.

Zoezi la darasani: Pimeni viungo 20 vya kila baiskeli iliyopo shuleni, mkatafute asilimia ya ongezeko. Kisha: mnyororo una viungo 110, gia ya mbele ina meno 44, na kiungo kimoja kimeshika kutu. Utaruka kila baada ya mizunguko mingapi ya pedali? (Jibu: 2.5.)