Kuku Wageni Katika Banda la Zamani

Mfugaji wa Meru au Embu anunuapo kuku sokoni Gakoromone au Runyenjes, asimtie bandani siku ile ile. Kuku aonekanaye mzima aweza kuwa na kideri, nacho hukaa mwilini siku 2 hadi 15 kabla ya dalili kutokea. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Kinga yake ni chanjo. Kwa hiyo wageni na watengwe mbali siku 30, wawe na vyombo vyao wenyewe, na wenyeji wahudumiwe kwanza. Wakaguliwe utitiri chini ya mabawa.

Baadaye watenganishwe kwa wavu tu juma moja, wapate kuzoeana. Kisha waingizwe usiku, wenyeji wakiwa wamelala juu ya fito. Wenyeji wakiwa wa mbegu fupi, wageni wasiwapite sana kwa ukubwa. Wala asiingizwe mmoja peke yake, maana atadonolewa na wote. Chakula na maji viwekwe mahali pawili. Atokaye damu aondolewe upesi, kwani wenziwe waweza kumdonoa hata afe.

Kuku mmoja asiyetengwa aweza kuliangamiza banda zima.