Bruda yenye Thamostati: Kata Waya wa Moto, Siyo Nyutro

Vijana wafugaji, baridi ya Newala mwezi wa sita na wa saba inaua vifaranga. Mwaka jana nilifunga thamostati kwenye nyutro. Balbu ilizima vizuri tu, kumbe holda bado ina umeme, nikapigwa shoti.

Fanya hivi: zima swichi kuu. Waya wa moto upite kwenye thamostati ndipo uende kwenye balbu. Nyutro iende kwenye balbu moja kwa moja. Sensa iwe usawa wa mgongo wa kifaranga. Wiki ya kwanza weka nyuzi 33, kisha punguza 3 kila wiki. Masasi kwenye joto, mchana itazima yenyewe.

Umeme ukikatika, jiko la mkaa liwe tayari, ila acha dirisha wazi. Vifaranga wakirundikana, wanasikia baridi.