Mafungo ya Katekista ni Mafungo ya Nyumba Yake



Kila mwaka parokia nyingi za nchi yetu huwaita makatekista wao kwenye mafungo. Tangazo husomwa kanisani siku ya Dominika, siku hutajwa, na kila katekista huaga watu wa nyumbani, hufunga blanketi lake na kushika njia. Ni desturi njema, nasi twaisifu. Lakini leo twapenda kuuliza swali moja: katika tangazo lile aliitwa nani, na ni nani aliyeachwa ambaye ilipasa aitwe?

Swali hili halikututoka kichwani tu. Lilitujia katika parokia moja ya mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Ruvuma, ambako mimi mwandishi nilipewa kazi ya kuwahubiria makatekista mafungo ya siku tatu. Walifika kwa miguu na kwa mitumbwi, na wengine walishuka kutoka vigango vya milimani. Siku ya pili, baada ya mafundisho ya asubuhi, niliwauliza habari za wagonjwa: ni nani anayewatembelea, na ni nani anayempasha padre habari ili wapate Komunyo na Mpako Mtakatifu? Katekista mmoja mzee, ambaye hata wakati ule alikuwa amejibu maswali yangu yote upesi, alinyamaza. Kisha akasema:

“Baba, samahani. Hayo ungemwuliza mama. Yeye ndiye awajuaye wagonjwa.”

“Mama yupi, Mwalimu?”

“Mama wa nyumbani kwangu, Baba. Yuko jikoni anasonga ugali.”

Kumbe wake watano wa makatekista walikuwapo pale tangu siku ya kwanza. Hawakuitwa kwenye mafungo. Waliombwa kuja kupika. Nikaomba mama yule aitwe. Akaja akijifuta mikono kwa khanga, akatoa salamu, “Tumsifu Yezu Kristu,” akasimama karibu na mlango. Nilipomwuliza, alitaja wagonjwa tisa mmoja baada ya mwingine, bila karatasi yoyote. Bibi fulani hajapokea Komunyo tangu Pasaka, kwa kuwa hawezi tena kutembea. Mvuvi fulani amevunjika mguu, na nyumbani hana mtu wa kumtekea maji. Kijana fulani hataki kumwona padre, lakini hukubali kusomewa Injili. Alipokwisha alisema, “Baba, naomba nirudi, ugali utaungua.” Akaenda zake.

Niliona haya. Nilikuwa nimehubiri asubuhi nzima juu ya Mchungaji Mwema, na mmoja wa wachungaji wa kundi lile alikuwa nje, jikoni, kwa sababu hakuna aliyefikiri kumwita ndani. Mimi niliyekwenda kufundisha nilifundishwa. Somo nililolipata ndilo nataka tujifunze pamoja.

1. Mafungo ni nini?

Mtakatifu Marko atuambia kwamba Mitume waliporudi kutoka safari yao ya kuhubiri, walimwendea Yezu wakamweleza yote waliyoyatenda na kuyafundisha. Watu walikuwa wakija na kwenda kwa wingi, hata Mitume hawakupata nafasi ya kula. Bwana hakuwapa kazi nyingine papo hapo. Aliwaalika waende mahali pasipo watu wapumzike kidogo pamoja naye. (Mk. 6, 30-32.)

Ndiyo maana ya mafungo. Mkristu huacha kazi zake kwa muda, hunyamaza, husikiliza Neno la Mungu, huchunguza dhamiri, huungama, husali, kisha hurudi kazini akiwa na nguvu mpya. Basi mafungo si semina. Semina hutufundisha namna ya kufanya kazi. Mafungo hutukumbusha twamfanyia nani kazi hiyo. Na pale ambapo siku za mafungo zimejazwa hesabu za michango na maagizo ya ofisi, makatekista wamefanya mkutano, nao watarudi wamechoka kuliko walivyokuja.

Sasa tufikiri. Ikiwa mafungo ni pumziko la mtu aliyechoka katika utume, ni nani aliyechoka katika nyumba ya katekista? Baba huenda vigangoni siku ya Dominika, huongoza ibada pasipo padre, hufundisha wakatekumeni, huzika wafu. Lakini mgeni abishapo hodi usiku kwa habari ya msiba, mama ndiye aamkaye kuwasha moto. Watoto wa mafundisho wajapo na njaa, chakula chatoka katika chungu chake. Baba akiwa safarini, shamba humngoja mama. Watoto nao humgawa baba yao na kigango kizima. Hao wote wamo katika utume, wapende wasipende. Kumpumzisha mmoja na kuwasahau wengine ni kufanya nusu ya kazi.

2. Akwila na Priskila

Maandiko Matakatifu yatupa mfano wa nyumba ya namna hiyo. Akwila alikuwa Myahudi wa Ponto, fundi wa kushona mahema. Kaisari Klaudio alipowaamuru Wayahudi watoke Roma, yeye na mkewe Priskila walihamia Korinto. Huko Mtume Paulo alikaa nyumbani mwao na kufanya kazi pamoja nao, kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja. Baadaye walisafiri naye mpaka Efeso. (Mdo. 18.)

Efeso alifika mwalimu mmoja jina lake Apolo, hodari wa kusema na mjuzi wa Maandiko, lakini mafundisho yake yalikuwa na upungufu. Akwila na Priskila hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Tuangalie vema: Maandiko hayasemi kwamba Akwila alifundisha na Priskila akapika. Yawataja wote wawili. Na Mtume Paulo, akiwasalimu katika Waraka kwa Warumi, awaita wote wawili wenzake katika kazi, kisha alisalimu kanisa lililokuwa nyumbani mwao. (Rum. 16, 3-5.)

3. Ushuhuda wa nchi zetu

Labda mtu atasema, “Hayo ni ya zamani na ya mbali.” Basi tuje Uganda. Mwaka 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, wasirudi mpaka 1885. Kanisa changa lilibaki mikononi mwa walei. Huko Mityana waamini waliongozwa na watu kama Matia Mulumba, mwenye mke na watoto, na Noe Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu. Hapakuwa na padre. Palikuwa na nyumba za Wakristu ambamo watu walisali na kufundishana. Matia na Noe waliuawa kwa ajili ya imani mwaka 1886, na mwaka 1964 Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza kuwa Watakatifu pamoja na wenzao.

Kwetu Ruvuma, Wabenediktini walifungua misioni ya Peramiho mwaka 1898, na ya Kigonsera mwaka 1899. Siku hizi Kigonsera imo katika Jimbo la Mbinga, lililoundwa mwaka 1986. Vita Kuu ya kwanza ilipofika, wamisionari Wajerumani waliondolewa katika misioni zao. Imani haikuondoka pamoja nao. Makatekista walibaki na watu, wakasali nao na kuwafundisha watoto. Vitabu huwataja makatekista hao mara chache, na wake zao karibu kamwe. Lakini kila mtu aliyelelewa kijijini ajua kwamba mwanamume hawezi kulinda kigango miaka mingi bila mshahara, pasipo mwenzake anayekubali umaskini ule kwa moyo.

Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya utume wa kimisionari ya mwaka 1965, uliwasifu makatekista, wanaume kwa wanawake, ukataka wapate malezi ya kufaa, na wanaojitoa kwa kazi hiyo siku zote wapewe riziki ya haki. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema vilevile: mlei aliyejitoa kwa huduma ya pekee ya Kanisa ana haki ya malipo yanayomwezesha kukidhi mahitaji yake na ya jamaa yake (Kan. 231). Na tarehe 10 Mei 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa zima. Huduma iliyotukuzwa hivyo haifai kuachwa iegemee juu ya mgongo wa mama mmoja ambaye hata jina lake parokia haikuliandika.

4. Shamba la ngoro

Wamatengo wa milima ya Mbinga wana kilimo chao cha ngoro, ambacho wageni wengi wamekuja kukitazama. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza mteremkoni katika miraba. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba, na udongo ule huufukia juu ya majani, ndipo maharage hupandwa. Majani yakioza huulisha udongo, na mashimo huyazuia maji ya mvua yasiukokote udongo mpaka bondeni. Mwanamume akilaza majani na asipatikane wa kufukia, jua litayakausha na upepo utayapeperusha. Mwanamke akichimba pasipo majani, mvua itakuja na kuchukua udongo wote.

Utume wa katekista mwenye ndoa ni kama ngoro hiyo. Tumezoea kuyaona majani, yaani kazi ya yule asimamaye mbele kanisani. Yatupasa tuuone na udongo unaoyashika.

5. Yatupasa kufanya nini?

Hatusemi kwamba mke wa katekista atwikwe mzigo mwingine. Wala hatusahau kwamba wako makatekista wanawake, ambao waume zao nao wapaswa kuitwa, na wako wasio na ndoa, ambao wazazi na ndugu zao ndio nguzo yao. Twasema tu kwamba wale wanaoshiriki uchovu washiriki pia pumziko.

Wako watakaouliza: chakula kitatoka wapi, nani atalinda nyumba, na kelele za watoto je? Maswali hayo ni ya haki, na majibu yake yako mikononi mwetu sisi waamini.

Kwanza, wakati. Mafungo ya nyumba nzima yasiwekwe katika majuma ya kuchimba ngoro wala ya kuvuna kahawa. Ziwani wavuvi wa dagaa hutumia taa katika usiku wa giza. Usiku wa mbalamwezi, ambapo uvuvi huo hupungua, wafaa zaidi. Kila parokia na itazame kalenda ya watu wake.

Pili, jiko. Wake wa makatekista wasiwe wapishi wa mafungo yao wenyewe. Jumuiya ndogondogo zipokezane kupika, kila moja siku yake, na kila nyumba itoe kidogo cha unga, maharage au samaki. Ng’ombe hazimlemei nunduye, wala parokia hailemewi na siku tatu za kuwalisha wanaoihudumia mwaka mzima.

Tatu, nyumba zilizoachwa. Jirani mmoja alale huko, mwingine ateke maji na kulisha mbuzi. Ni tendo dogo, lakini bila hilo mama atakaa kanisani na moyo wake uko zizini.

Nne, watoto. Wadogo watunzwe na masista au vijana wa parokia, nao wafundishwe kwa kadiri ya umri wao. Wakubwa wasikilizwe. Mtoto aliyeona Kanisa likimchukua baba yake kila Dominika, na asione hata siku moja Kanisa hilo likimshukuru mama yake, aweza kukua akilichukia. Katekista mwema aweza kuwafundisha watoto wa kijiji kizima na kuwapoteza wa kwake. Hasara hiyo ni kubwa, nasi hatuwezi kusema kwamba haituhusu.

Mzee yule wa Ziwa Nyasa hakuona haya kusema mbele ya wenzake kwamba mkewe ajua asiyoyajua yeye. Hiyo ni hekima, na ni unyenyekevu. Siku ya tatu ya mafungo yale tuliomba wanawake wengine wa parokia washike jiko, na wale mama watano wakaingia kanisani. Walikaa kimya, wakasali, wakaungama, wakapokea Komunyo pamoja na waume zao. Ilikuwa siku moja tu kati ya tatu. Mwaka ujao, Mungu akipenda, na ziwe zote tatu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika jumuiya

1. Katekista wa kigango chetu ana nyumba ya namna gani? Twawajua mke wake, mume wake au wazazi wake kwa majina?

2. Akwila na Priskila walimsaidiaje Apolo? Nasi twawasahihishaje walimu wetu wanapokosea: mbele ya watu, au nyumbani kwa upendo?

3. Mafungo yatakapotangazwa tena, nyumba yetu itatoa nini: chakula, ulinzi wa nyumba, au malezi ya watoto?

4. Katika nyumba yetu wenyewe, ni nani achokaye kwa ajili ya wengine bila kupewa pumziko?