Mvinyo Mwekundu wa Chile: Je, ni Dawa ya Moyo?

Hivi majuzi mgonjwa wangu wa shinikizo la damu aliniuliza: "Daktari, nasikia mvinyo mwekundu husafisha mishipa. Nikinywa glasi kila jioni, niache vidonge?" Jibu ni la. Usiache vidonge. Lakini swali lake lastahili maelezo.

Chukua mfano wa mvinyo wa bonde la Maipo, karibu na Santiago, jiji kuu la Chile. Huko jua ni kali mchana, na usiku baridi hushuka kutoka milima ya Andes. Zabibu huiva vyema na kujaa sukari. Baadhi ni za aina ya Carménère, iliyoletwa kutoka Ufaransa katika karne ya 19. Wakulima waliidhania kuwa Merlot hadi mwaka wa 1994, Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alipoitambua.

Zabibu hizo huchachushwa pamoja na maganda, ambayo hutia rangi na ule ukakasi unaokausha ulimi. Humo mna resveratroli, kemikali iliyosifiwa sana miaka ya 1990. Hata hivyo, lita nzima ya mvinyo huwa na miligramu chache tu, na haijathibitishwa kuwa kiasi hicho humkinga mtu na maradhi ya moyo.

Sasa tazama upande wa pili. Hamira hugeuza sukari kuwa alkoholi. Zabibu zikiwa tamu sana, mvinyo huwa mkali. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 14 ina mililita 105 za alkoholi. Hiyo yapita chupa nne za bia za nusu lita zenye asilimia 5! Usidanganywe na udogo wa glasi.

Alkoholi hupandisha shinikizo la damu, hudhuru ini na huchangia saratani za koo na matiti. Mwaka wa 2023, Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya.

Kwa hivyo, zingatia haya:

1. Kama hunywi, usianze kwa ajili ya moyo.

2. Mama mjamzito asinywe kabisa.

3. Ukitumia insulini, warfarini au dawa za usingizi, zungumza na daktari wako kwanza.

4. Ukinywa, punguza, kula chakula, na usiendeshe gari.

5. Ikiwa umezoea kunywa sana kila siku, usiache ghafla bila usaidizi wa daktari; waweza kupatwa na kifafa.

Mgonjwa wangu aliendelea na vidonge vyake. Nawe, mara ya mwisho kupimwa shinikizo la damu ilikuwa lini?